Saa ya Bwana Edwin na Mchezo wa Kabura

Eldoret ni mji wa watu wanaokimbia. Ukiamka mapema utawakuta barabarani, wembamba kama fito, wakienda kasi kama waliofukuzwa na nyuki. Mmoja wao akirudi na medali, uwanja wa ndege hujaa, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, hutolewa, na waheshimiwa hupigana vikumbo kuona ni nani atakayeushika mkono wa bingwa kwanza. Katika mji kama huo Kabura alichagua mchezo ambao mtu hatoki chumbani. Na ndani ya mchezo wenyewe akachagua kusogea kidogo kuliko wote.

Kabura ana duka la dawa za mifugo pale Ziwa, kituo cha soko nje ya mji. Umri wake umevuka hamsini, na hausemi zaidi ya hapo. Watu humwita Mama Wamucii, kwa jina la binti yake. Mpira wa meza aliujulia shule ya bweni, ambako mvua ilikuwa haikatiki na wanafunzi walikuwa na meza moja tu. Wenzake walipomaliza shule waliuacha. Yeye kila Jumamosi hufunga duka mchana, akaja mjini kwenye ukumbi wa kanisa ambamo klabu yetu hucheza, na jioni hurudi kwa ng'ombe wa watu.

Ukitaka kujua anavyocheza, mtazame akiuza. Mteja wa siku ya soko anaingia kutafuta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anataja bei yake, ya chini. Kabura hakatai wala hakubali. Anachukua kitambaa, anapangusa chupa. Mteja anaongeza kidogo. Kabura anapangusa chupa nyingine. Mwishowe mteja analipa bei ya Kabura na kuomba radhi kwa kumpotezea wakati. Mimi nanunua na kuuza mahindi Moi's Bridge na nimekutana na wagumu wengi, lakini kwa huyu mama huwa nalipa upesi, nipate kurudi nyumbani.

Mezani ni vivyo hivyo. Unampigia mpira wa moto, yeye anaukata kwa chini na kukurudishia ukiwa baridi. Unapiga tena, unarudi tena. Unapiga kwa nguvu zako zote, unarudi polepole zaidi. Mwisho mkono wako wenyewe unakusaliti, mpira unaenda wavuni. Sijawahi kumwona Kabura akimshinda mtu. Nimewaona watu wengi wakishindwa mbele yake. Watazamaji walikuwa wakitoka nje kununua mahindi ya kuchoma, wanamaliza hindi, wanarudi, na pointi ni ileile.

Pamoja na ubingwa wote huo, hakuwahi kucheza nje ya mji huu. Mara tatu klabu ilimpeleka mashindanoni kama mchezaji wa akiba, na mara tatu wachezaji wenyewe walikataa kuugua. Alibeba raketi hadi Nakuru akairudisha ikiwa safi. Safari hii kulikuwa na mashindano Kampala, na klabu ilipewa nafasi moja tu ya mwanamke. Hakukuwa na nafasi ya akiba.

"Njenga," aliniambia siku moja nikipakia magunia ya chakula cha kuku dukani kwake, "mimi sitafuti medali."

"Unatafuta nini sasa?"

"Nataka kucheza na mtu ambaye sijui jina la mama yake. Mara moja tu, kabla magoti hayajafunga kazi."

Nilimwambia hilo ni ombi dogo, atalipata. Nilisema hivyo kwa sababu Bwana Edwin alikuwa bado hajatufadhili.

Bwana Edwin ni mfanyabiashara wa magodoro, anakaa Elgon View, nyumba yenye geti la kujifungua lenyewe. Alituletea meza mpya, taa, na sare za kucheza zenye picha ya godoro mgongoni. Kwa shukrani tukamfanya mwenyekiti. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati kwa sababu lori langu ndilo lililobeba meza, na sijaona klabu yoyote nchini ambayo kamati yake ilichaguliwa kwa sababu bora kuliko hizo.

Mwezi wa pili wa uongozi wake alituita kikao na kutuonyesha simu. Ligi za kulipwa za ng'ambo, alisema, zimeanza kujaribu sheria mpya, kwa maana watazamaji wa televisheni wanachoka upesi.

"Tatizo letu ni hilohilo," akasema. "Watu wa siku hizi hawana muda."

Televisheni haijawahi kufika kwetu hata kwa bahati mbaya. Na hao watu wasio na muda walikuwa wameketi nyuma yetu tangu asubuhi, wamebeba chakula cha mchana kwenye mikebe. Lakini mwenye godoro ndiye aliyekuwa akisema, tukaitikia.

Zikaja sheria. Mpira wa kuanzishia ukigusa wavu, hakuna kurudia, mchezo unaendelea. Hiyo haikumsumbua mtu. Wiki iliyofuata ikaamuliwa kila pointi ipigiwe muziki. Mchungaji akausikia muziki wenyewe, na sheria hiyo ikafa Jumapili. Kisha wachezaji wakakatazwa kujipangusa jasho, kisha wakaruhusiwa, mradi wajipanguse kwa kitambaa cha mfadhili.

Aliyepata taabu zaidi ni Mwalimu Ouma, refa wetu, mstaafu wa shule ya msingi.

"Mwenyekiti," aliuliza, "hii ya leo ni ile ya jana, au imeshabadilika?"

"Hii ni ya majaribio, Mwalimu."

"Na ile ya jana?"

"Hiyo pia ilikuwa ya majaribio."

"Basi nitakuwa naandika kwa penseli."

Ndipo ikaja saa. Mchezo mzima sasa ungekuwa wa dakika ishirini na nne. Pointi zinahesabiwa mfululizo, na saa ikilia, aliye mbele ndiye mshindi. Wakiwa sare, pointi moja ya mwisho inaamua. Bwana Edwin alileta mashine ya kuirusha saa hiyo ukutani, tarakimu nyekundu kubwa kama milango. Na kitu kimoja alikitilia mkazo mpaka akasimama: saa haisimami. Mpira ukiingia chini ya viti, saa inaenda. Kiatu kikifunguka, saa inaenda.

"Huko kwa wenzetu saa haibembelezi mtu," alisema.

Kabura alikwenda kumwona baada ya kikao.

"Mama Wamucii, usichukulie vibaya," Bwana Edwin alimwambia. "Mchezo umekuwa wa kisasa. Hata benki zimebadilika."

"Benki zilinipa muda wa kuzoea."

"Jaribu kucheza haraka kidogo. Utaona ni raha."

"Kwani wewe unauza magodoro ya kulalia haraka?"

Bwana Edwin alicheka, akatazama saa yake ya mkononi, akaenda.

Katika sheria hizo aling'ara Chepkirui, mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana mwenye adabu na mkono wa mtu anayepasua kuni. Alikuwa anapiga mpira kabla hujamaliza kusimama vizuri. Zamani Kabura alimwacha apige, apige, achoke, kisha anamla taratibu. Sasa Chepkirui alikuwa anachukua pointi zake za mapema, na kabla hajachoka saa inalia. Walicheza mara kadhaa na kila mara ilikuwa hivyo. Kabura alikuwa kama mtu anayefungiwa soko akiwa ndiyo kwanza anatandika bidhaa.

"Pole, Mama," Chepkirui alimwambia, na alimaanisha.

"Usinipe pole. Nipe dakika kumi."

"Sina hizo, Mama. Ziko kwa Bwana Edwin."

Siku ya mchujo ilikuwa Jumamosi. Kabura na Chepkirui wangecheza mara moja, na mshindi angepanda basi la Kampala. Bwana Edwin aliona siku hiyo inafaa kuzindua enzi mpya, akamwalika mheshimiwa mmoja awe mgeni wa heshima. Mheshimiwa aliahidi saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, na saa tano, na viti vya mbele vyenye vitambaa vyeupe vilikuwa bado vitupu. Desturi yetu inajulikana: mgeni wa heshima hajafika, hakuna kinachoanza, hata kama ni harusi na bibi arusi amesimama mlangoni. Lakini Bwana Edwin alikuwa amejifunga mwenyewe kwa maneno yake. Saa sita akasema saa haimngoji mtu. Mwalimu Ouma akainua mkono, tarakimu nyekundu zikaanza kushuka ukutani.

Chepkirui alianza kama kawaida yake. Mpira ulikuwa ukilia mezani kama mvua ya mawe juu ya mabati, na muda mfupi tu akawa mbele kwa pointi saba. Nikamtazama Kabura. Hakuwa na haraka, ila niliona kwake jambo jipya: alikuwa akiuokota mpira upesi. Akipoteza pointi, huyo keshainama, mpira uko mkononi, anamngoja mwenzake. Muda wote aliokuwa akiupoteza zamani kati ya pointi na pointi, sasa aliuweka ndani ya pointi. Akaanza kurudisha. Moja, kisha mbili. Chepkirui akaongeza nguvu, na nguvu zikaanza kumtoka. Zilipobaki dakika nne, Kabura alikuwa nyuma kwa pointi moja, na pumzi za Chepkirui zilikuwa zikisikika mpaka mlangoni nilikokuwa nimesimama.

Hapo ndipo magari yalipopiga honi nje.

Mheshimiwa aliingia na watu wake wanane. Ukumbi mzima ukasimama. Mwalimu Ouma akashusha mkono. Kabura akaweka raketi mezani, na Chepkirui, mtoto aliyelelewa vizuri, akaweka yake pia na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyewaamuru. Mkubwa akiingia, mtu anaacha alichokuwa akifanya. Tumekua hivyo sote, na anayedhani angeendelea kupiga mpira hajawahi kuishi nasi. Kitu kimoja tu humo ndani hakikulelewa Eldoret, nacho kilikuwa ukutani, kinahesabu.

Mheshimiwa alipewa spika. "Chamgei," akasalimu kwa Kikalenjin, na waliopaswa kuitikia wakaitikia. "Muriega," akasalimu kwa Kikuyu, na sisi wa upande ule tukaitikia. "Bwana asifiwe," na wote tukaitikia, mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikumridhisha. Kisha akasema yeye si mtu wa maneno mengi. Nikajua Kabura amekwisha.

Aliwatambulisha alioongozana nao mmoja mmoja, na kila mmoja alisimama akapunga mkono. Mmoja alikuwa nje akiongea na simu, ikabidi aitwe. Nilimtazama Bwana Edwin. Alikuwa amekishika kidude cha kuzimia saa, kidole gumba kiko juu ya kitufe, jasho linamtiririka. Asingeweza kuisimamisha saa aliyoapa kuwa haisimami. Mheshimiwa naye asingeweza kumsimamisha, maana hata siku hiyo ya ugeni wake Edwin aliiomba kwa miezi. Akabaki kati ya wakubwa wawili, na kitambaa cha mfadhili kiko mbali.

"Kabla sijakaa," Mheshimiwa akasema, "ningeomba mchungaji atuombee."

Tukafumba macho. Mchungaji alikuwa amefika kwenye kuwaombea wakulima mvua ya wastani saa ilipolia, sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Akasema amina kabla ya wakati wake. Chepkirui alikuwa mbele kwa pointi moja.

"Hiyo ni nini inalia?" Mheshimiwa akauliza.

"Ni saa, Mheshimiwa," Bwana Edwin akajibu.

"Vizuri sana. Na mchezo unaanza saa ngapi?"

Kamati ikajikusanya nyuma ya birika la chai.

"Sheria ni sheria," Bwana Edwin alinong'ona. "Chepkirui ameshinda."

"Sheria inasema saa isisimame," Mwalimu Ouma akasema. "Haisemi wachezaji wasimame."

"Nani aliwaambia wasimame?"

"Wewe ndiye uliyesimama wa kwanza, Mwenyekiti. Mpaka kiti kikaanguka."

"Basi turudishe zile dakika nne. Tuandike zilipotea."

"Zilipotea kwa sababu gani? Nikiandika nataka sababu."

Sababu ilikuwa imeketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, inapepewa. Mwenye kusema dakika zilipotea angekuwa anasema Mheshimiwa ndiye aliyezipoteza, na miongoni mwetu hakuna aliyetaka kuwa mtu huyo. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nina lori, na lori lina vibali. Kuna aliyependekeza nusu mkate, kama wanasiasa wanavyogawana serikali, waende wote wawili Kampala wacheze kwa zamu, akakumbushwa kuwa nafasi ni moja na basi halijui siasa.

Tulipogeuka, Kabura hakuwa mahali pake. Alikuwa mbele ya Mheshimiwa, ameinama kidogo, mkononi kikombe cha chai.

"Karibu chai, Mheshimiwa."

"Asante, mama. Nyinyi ndio wa jikoni?"

"Hapana. Mimi ndiye wa kucheza."

Mheshimiwa akamtazama magoti. "Wewe?"

"Mimi na yule msichana. Sasa ona, umetoka mbali, umetusalimia vizuri, na hujaona hata mpira mmoja. Kesho watu wa Ziwa wataniuliza, Mheshimiwa aliuonaje mchezo? Nitawaambia nini?"

"Aah, chezeni basi. Nani amewakataza?"

"Hakuna aliyetukataza. Ni ile saa tu, imeshalia."

"Saa ya nani?"

"Ya Mwenyekiti."

Mheshimiwa akageuka. "Edwin, zima hiyo kitu. Mimi leo sina haraka."

Ukuta ukawa mweusi. Bwana Edwin, nimpe haki yake, si mtu wa kulala chini muda mrefu. Alichukua spika akatangaza kwamba, katika roho ya majaribio, klabu inazindua sheria mpya: kipindi cha mgeni wa heshima. Wachezaji wataendelea pale walipofikia, mpaka Mheshimiwa atosheke.

"Nitajuaje ametosheka?" Mwalimu Ouma akauliza, penseli iko tayari.

"Atasimama."

"Naandika: akisimama, mchezo umekwisha."

Wakaanza. Chepkirui alikuwa amepumzika wakati wa hotuba, akapiga vizuri. Pointi zikaenda huku na huku. Mara wawe sare, mara mmoja atangulie. Nikaona macho ya Kabura hayako mpirani muda wote. Kila Chepkirui alipookota mpira, yeye alikuwa akimtazama Mheshimiwa, kama anavyomtazama mteja aliyeshika mlango. Mheshimiwa alipoegemea mbele, Kabura alicheza wazi, akathubutu hata kupiga. Akapata sare. Kisha Chepkirui akapeleka mmoja nje, na Kabura akawa mbele kwa moja.

Hapo Mheshimiwa akaegemea nyuma na kutazama saa yake ya mkononi.

Kabura akarudi kwenye mchezo wake. Mpira ulikwenda, ukarudi. Chepkirui akapiga kushoto, ukarudi. Akapiga kulia, ukarudi, polepole, laini, hauna kosa wala faida. Mtoto mmoja akaanza kulia, akabebwa nje, akanyamaza, akarudishwa, mpira bado unaenda na kurudi. Wale watu wanane walikuwa wameshaanza kuonyeshana picha kwenye simu. Mheshimiwa akapiga miayo nyuma ya kiganja. Akavuka mguu, akaushusha. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Akaitazama kwa uso wa mtu aliyetumiwa mwokozi, akainuka kwenda nje kuipokea.

"Muda," akasema Mwalimu Ouma, na mpira ulikuwa bado hewani.

"Mwalimu, hiyo siyo," Chepkirui akasema. "Amesimama kuongea na simu. Hajatosheka."

"Sikuandika sababu ya kusimama. Niliuliza, nikaambiwa akisimama."

Kila mtu akamtazama Bwana Edwin. Akafungua mdomo, na nadhani alikuwa na sheria nyingine humo, lakini Mheshimiwa akarudi akiwa na haraka ya kuondoka.

"Nani ameshinda?"

"Ni mimi," Kabura akasema, mkono wake ukiwa tayari mbele.

Mheshimiwa akaushika. Picha za simu zikapigwa, wale wanane wakajipanga nyuma. "Hongera sana, mama. Utatuwakilisha vizuri Kampala," akasema. Kisha akamvuta Bwana Edwin pembeni, na kwa kuwa nilikuwa karibu nikasikia. "Mchezo wenu ni mzuri, Edwin. Lakini ni mrefu mno. Mngetafuta saa."

Magari yakaondoka. Watu wakaanza kukunja viti. Chepkirui alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, anafungua viatu kama mtu mwenye ugomvi navyo. Kabura akaenda akaketi kando yake.

"Mama, umenishinda na simu ya mtu."

"Na wewe ulinishinda mchungaji akiomba. Ungeenda Kampala bila kulalamika?"

Chepkirui akafikiri. "Ningeenda."

"Haya."

"Lakini huko hakuna Mheshimiwa, Mama. Nao wanacheza kwa saa, na yao haizimwi. Utapigwa vibaya."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukaa hapa. Njoo Jumanne unifundishe kuanza haraka."

"Mimi? Baada ya haya?" Akavuta kamba ya kiatu. "Nitapata nini?"

Nilipomsikia akiuliza hivyo nilianza kumheshimu yule msichana.

"Nitakufundisha kuurudisha mpira ukiwa baridi," Kabura akasema. "Mwaka ujao mimi magoti yangu yatakuwa yamestaafu. Nafasi itakuwa yako, na utakutana na mtu anayecheza kama mimi."

"Jumanne na Alhamisi."

"Alhamisi ni soko."

"Basi Jumanne na Ijumaa, na chai ni juu yako."

"Chai ni juu yako, mwalimu wangu ni wewe lakini mkubwa ni mimi."

Wakabishana hapo mpaka taa zikazimwa, na sijui chai iliishia kwa nani.

Jumanne nilipita na lori kuchukua meza ya zamani, nikawakuta. Saa ya Bwana Edwin ilikuwa ukutani, nyekundu, inashuka. Chepkirui alikuwa amesimama nyuma ya Kabura, amemshika kiwiko, anakisukuma mbele. Mpira wa kwanza Kabura aliupiga ukaenda kugonga mabati ya paa. Wa pili ukampata mchungaji aliyekuwa akipita na funguo. Walicheza dakika zote, saa ikalia, na Kabura alikuwa nyuma kwa pointi nyingi kuliko nilizowahi kumwona nazo.

"Tena," Chepkirui akasema. "Usiungoje, Mama. Ukiungoja umeshachelewa."

Kabura alitazama ukuta, akatazama magoti yake. Akaurusha mpira juu na kuupiga kabla hajawa tayari.